Mistari Kumi na Moja Aliyoifuta Kaka Yetu

Ndugu wa marehemu, majirani, walimu wenzake wifi yangu, wafanyakazi wa ofisi ambayo kaka yetu aliitumikia kwa miaka karibu ishirini na mitatu, na nyinyi nyote mliosimama kwa sababu viti vimekwisha, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni mdogo wake anayemfuata, mshona nguo, na nimesimama hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza iwe mimi, wala si kwa sababu nina sauti nzuri ya kusoma. Mtanivumilia nikikwama.

Kabla sijaanza niseme jambo moja, asije mtu akashtuka katikati. Jana ofisi ilituletea historia ya marehemu iliyochapwa tayari, kurasa mbili, imepangwa vizuri, ina picha yake akiwa amevaa tai, na kwa hilo tunashukuru. Lakini historia ile inatoka mwaka 2009 na kutua mwaka 2019, kana kwamba kaka alilala usingizi wa miaka kumi. Baba mdogo alishauri tusome hiyohiyo, akasema marehemu hasemwi vibaya, na mimi namheshimu baba mdogo. Hata hivyo kaka aliniita wodini tarehe 21 Septemba, akanishika mkono, akaniambia katika historia hii aliyoniandikisha nisiruke ukurasa wa nne, kwa kuwa katika ukurasa huo kuna jina la mtu aliye hai ambalo limechafuliwa, na aliyelichafua ni yeye. Basi nitasoma kurasa zote, na wa nne nitausoma polepole.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1968, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha uchapaji, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba yetu alikuwa msahihishaji kiwandani hapo, kazi yake kusoma karatasi za majaribio kabla kitabu hakijachapwa na kutafuta makosa ya wengine, na mama alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mbele. Nyumba ilinuka wino mpaka kwenye mito ya kulalia. Kaka alijifunza kusoma akiwa amekaa chini ya meza ya baba, akisoma karatasi zilizokataliwa, na nadhani ndiyo sababu hadi anakufa hakuwahi kuamini maandishi yoyote kabla ya kuyatafutia kosa. Kadi ya harusi yangu aliirudisha na duara kwenye jina la ukumbi, nikamnunia wiki nzima, halafu ikabainika kwamba jina la ukumbi kweli lilikuwa limekosewa na wageni wangeishia mtaa wa pili.

Alianza shule ya msingi Januari 1975, nyuma ya kituo cha zimamoto, akamaliza Novemba 1981 akiwa wa tatu darasani, jambo lililomuuma kwa sababu aliyekuwa wa pili alimpita kwa alama moja ambayo mwalimu, kwa maoni yake, alijumlisha vibaya. Alisoma sekondari ya bweni kuanzia mwaka 1982 hadi 1987, na Septemba 1988 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea hisabati na kompyuta, akahitimu Julai 1991. Chuoni hapo palikuwa na kompyuta moja inayofanya kazi kwa wanafunzi arobaini, kwa hiyo wanafunzi waliandika programu zao kwenye daftari, kisha wakabadilishana madaftari, kila mmoja akajifanya yeye ndiye kompyuta, akasoma ya mwenzake mstari kwa mstari na kusema itakwama wapi. Kaka alikuwa hodari wa mchezo huo kupita wote. Alituambia huko ndiko alikopata wazo lililomshika maisha yote, kwamba ikiwa mtu anaweza kuisoma programu bila kuiwasha na akajua itaharibika wapi, basi inawezekana kuandika programu itakayofanya kazi hiyo ya kusoma, bila kuchoka na bila kusinzia.

Alifanya kazi ofisi ya takwimu kuanzia Februari 1992, na tarehe 1 Aprili 1996 akahamia kwenye kampuni inayotengeneza programu za mashine za hospitali, ghorofa ya tatu, chumba chenye madirisha mawili, moja halifunguki. Najua wengi wenu mlimwona akitoka asubuhi na mkoba wake mkasema huyu ni mtu wa kompyuta, mkaishia hapo. Nitaeleza kwa lugha ya cherehani, maana ndiyo ninayoijua, na yeye mwenyewe alinieleza hivyo. Mteja akiniletea koti la zamani analolipenda, nalifumua mshono kwa mshono, nachukua umbo la kila kipande, kisha nashona jingine kwa kitambaa kipya, na likimkaa vilevile nimefanya kazi yangu. Kaka alitengeneza chombo kinachofanya hivyo kwa programu. Kilisoma programu ya zamani yote na kufuata kila njia inayoweza kupitwa ndani yake, kikatoa onyo pale kisipoelewa au kilipoona hatari, kisha kikaifumua na kuandika nyingine kwa lugha mpya, na mwisho kikatoa uthibitisho wa kihisabati kwamba mpya inafanya sawasawa na ya zamani. Kazi hiyo ilimchukua kuanzia mwaka 1999 hadi 2008. Wenzake walikiita chombo hicho Mkaguzi, na kaka mwenyewe wakamwita Mzee Onyo, kwa sababu hata mtu akiacha kikombe ukingoni mwa meza alikuwa anampa onyo.

Maonyo yalikuwa mengi, maelfu, na mengine hayakuwa na maana, kama mama mkwe anayeona kosa kila mahali, kwa hiyo ilibidi watu waruhusiwe kuyanyamazisha. Kaka akaweka sheria, akaibandika ukutani kwa mkono wake, kwamba asiwepo mtu wa kunyamazisha onyo kabla ya kufungua mahali linapoelekeza na kusoma kwa macho yake, na akishanyamazisha aandike sababu na kutia saini. Aliwahi kumrudisha mwenzake ofisini siku ya mapumziko kwa sababu ya onyo moja lisilo na saini. Alikuwa mkali, tusidanganyane, na alipendwa hivyohivyo.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996 na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, ambaye walifahamiana kwa kubishana kuhusu swali la mtihani lililochapwa gazetini, ubishi ambao kwa taarifa yenu haujaisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1998, ambaye sasa ni fundi wa lifti, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Mei 2006, ambaye yuko chuo mwaka wa kwanza. Alikuwa baba wa kukaa sakafuni na watoto, wa kuwatengenezea mafumbo, wa kusahau chakula jikoni mpaka kikaungua. Mkumbuke huo mwaka wa kuzaliwa mtoto wa pili, maana kaka hakuweza kuusahau.

Sasa nafika ukurasa wa nne.

Mwaka 2009 kampuni ilipata kazi ya kuhamisha programu za pampu za dripu, zile mashine ndogo zinazopitisha dawa kwenye mshipa kidogo kidogo kufuatana na uzito wa mgonjwa. Programu ya zamani ilikuwa na mistari laki nne, na hospitali zilitaka mpya kabla mwaka haujaisha. Mkaguzi alisoma yote, akatoa maonyo elfu sita mia mbili na kumi na mawili, na kazi ya kuyapitia ikaangukia wawili, kaka na mwenzake wa dawati la pili, ambaye wiki hiyo aliumwa. Alhamisi tarehe 26 Novemba 2009, kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, kaka yetu alinyamazisha maonyo mia tatu na nane bila kufungua hata moja, akaandika sababu ileile katika yote, kwamba mahali hapo hapafikiki, akatia saini yake mara mia tatu na nane. Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Aliniambia haikuwa uchovu wala shinikizo la wakubwa, nisije nikamtetea kwa hilo. Alisema alikiamini chombo chake kama mzazi anavyomwamini mwanawe, kwa kuwa alikizaa yeye.

Onyo namba 4117 lilihusu mistari kumi na moja ya programu. Mkaguzi alisema haoni popote mistari hiyo inapoitwa, kwa hiyo anaomba ruhusa aiondoe, kama mimi ninavyoondoa mfuko wa ndani usio na mlango. Na Mkaguzi alikuwa sahihi kwa yote aliyopewa kusoma. Hakupewa yote. Zile pampu zilikuwa na kidirisha cha vitufe, na kidirisha kilikuwa na programu yake ndogo, iliyoandikwa na fundi aliyestaafu mwaka 2003, faili zake zikabaki kwenye kabati la ghorofa ya kwanza ambalo hakuna aliyelikumbuka. Kitufe cha kufuta kilipobonyezwa, kidirisha ndicho kilichoiita ile mistari kumi na moja, nayo ilisimamisha pampu, ikaupangusa uzito wa mgonjwa aliyetangulia, na ikapiga kengele mpaka uzito mpya uingizwe. Kaka angefungua onyo lile angeona mistari inayosimamisha pampu na kupiga kengele, na hata mtoto angeuliza mistari ya namna hiyo iliwekwa pale kwa ajili ya nani. Hakufungua. Ikaondolewa, uthibitisho ukatoka, pampu zikasambazwa, na tangu siku hiyo kidirisha kikawa kinaita na ndani hakuna anayeitika.

Jumanne tarehe 22 Juni 2010, katika wodi ya watoto, muuguzi wa zamu ya asubuhi alichukua pampu iliyokuwa kwa kijana wa kilo hamsini na mbili akaipeleka kwa mtoto wa miaka minne aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Wauguzi wengine walikuwa na mazoea ya kuizima na kuiwasha upya, lakini kitabu cha maelekezo kiliruhusu kubonyeza kufuta, naye akabonyeza kufuta, skrini ikaonyesha sifuri, akaingiza kilo kumi na nne na nusu, skrini ikakubali. Ndani, mashine ilikuwa bado inapiga hesabu kwa kilo hamsini na mbili. Mtoto alifariki saa nne na dakika arobaini asubuhi. Alikuwa na umri wa mwanafunzi wetu huyu aliyekaa hapa mbele, siku zile naye akiwa na miaka minne, na kaka alirudi nyumbani jioni hiyo akamkuta amelala sebuleni na kiatu kimoja, na hakujua bado kwamba ana la kuomba msamaha.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Ijumaa tarehe 3 Septemba 2010. Muuguzi, aliyekuwa na miaka kumi na tisa kazini bila doa, alisema maneno machache, kwamba alibonyeza kufuta na aliona sifuri. Kaka aliitwa kama mtaalamu. Wakamuuliza kama inawezekana mtu abonyeze kufuta, aone sifuri, na mashine isifute. Akajibu haiwezekani, imethibitishwa. Aliniambia alisema maneno hayo kwa upole kabisa, akiona anamsaidia mama wa watu aache kujitetea kwa jambo lisilowezekana. Tarehe 17 Septemba 2010 baraza la wauguzi lilimfuta kwenye daftari. Tangu hapo hadi leo anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na wapo wanaobadilisha upande wa barabara wakimwona, kwa sababu kwao yeye ni yule aliyeua mtoto halafu akasingizia mashine.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alichukua miaka saba kuja. Aprili 2017 ghorofa ya kwanza ilipakwa rangi, kabati la yule fundi mstaafu likafunguliwa, na mtu akamletea kaka zile faili akidhani atazipenda kwa ukale wake. Ijumaa tarehe 5 Mei 2017, kwa udadisi tu, kaka alimpa Mkaguzi azisome pamoja na programu ya zamani. Ikatoka sentensi moja kwamba mistari kumi na moja iliyoondolewa inaitwa, na chini yake saini ya aliyeiondoa. Mwenzake wa dawati la pili anasema alimwona kaka akisimama, akaenda kwenye lile dirisha lisilofunguka, akajaribu kulifungua.

Aliwaeleza wakubwa siku hiyohiyo, na hapo nampa haki yake. Kilichofuata simpi. Wakubwa walimwambia likitangazwa leo hospitali zitazima pampu zote kwa hofu na wagonjwa watateseka, kwa hiyo anyamaze kwanza warekebishe, kisha watatangaza, naye akaweka saini karatasi ya kunyamaza. Marekebisho yalipelekwa hospitali zote kwa jina la maboresho ya kawaida, yakakamilika Aprili 2018, na hakuna aliyetangaza lolote. Kaka alisubiri, akauliza, akaambiwa tutaangalia, akasubiri tena. Alijua kuna mwanamke anafua mashuka kwa ajili ya saini yake, akaendelea kula chakula cha mchana kwenye meza ileile karibu miaka miwili. Kaka yangu alikuwa mwoga. Nalisema kwa sababu aliniandikisha niliseme, na kwa sababu wakati ule mimi nilikuwa simjui huyo muuguzi lakini nilimwona kaka anavyokonda, nikadhani ni presha, nikawa namletea vidonge.

Aliacha kazi tarehe 31 Januari 2019, na Jumamosi tarehe 16 Februari akaenda kwa muuguzi. Alimkuta mlangoni, mikono ina povu. Akamweleza yote akiwa amesimama, hakukaribishwa kuketi. Muuguzi alimuuliza swali moja tu, "Kwa hiyo mimi nilibonyeza sawa?" Kaka akajibu, "Ulibonyeza sawa, mama. Nilikosea mimi." Muuguzi akafunga mlango. Kaka akakaa kwenye ngazi mpaka jirani akaja kumwuliza kama anaumwa. Wazazi wa mtoto aliwaandikia barua mwezi huohuo. Hawakujibu, na hawadaiwi jibu na mtu yeyote aliyepo hapa.

Kuanzia mwaka 2020 aliliandikia baraza la wauguzi, akitaka shauri lifunguliwe upya. Baraza lilijibu kwa heshima kwamba maneno ya mtu aliyeacha kazi hayatoshi, na nakala aliyoichapa mwenyewe haitoshi, bali inatakiwa kumbukumbu ya onyo namba 4117 ikiwa na muhuri wa kampuni kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Kaka aliiandikia kampuni barua nne, tarehe 8 Juni 2020, tarehe 12 Aprili 2021, tarehe 19 Septemba 2022 na tarehe 6 Novemba 2023. Majibu manne ninayo. Yote yanasema suala lake linafanyiwa kazi.

Huo ndio ukurasa wa nne. Baba mdogo, nisamehe, lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikutaka kaka aumbuliwe na wengine wakati amejiumbua mwenyewe kwa hiari.

Marehemu alianza kuugua Machi 2023, maumivu ya tumbo aliyoyaita gesi, na tarehe 14 Julai 2023 madaktari walithibitisha kuwa ni saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji Agosti mwaka huo, akapata nafuu ya miezi mitano, akarudi kubishana na mkewe, tukadhani Mungu ametusikia. Februari 2024 hali ilibadilika. Alilazwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu tarehe 16 Septemba, akawekewa dawa ya maumivu kwa pampu, pampu zilezile, zilizorekebishwa. Alikuwa akimwomba kila muuguzi anayeingia abonyeze kufuta mbele yake na asikilize kengele. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa, alikuwa mzima wa akili kuliko sisi, na kila kengele ilipolia alifumba macho, machozi yakashuka, kwa kuwa aliijua ile mistari kumi na moja kwa moyo na aliisikia ikifanya kazi.

Tarehe 3 Oktoba muuguzi yule alikuja wodini. Nilimpigia simu mimi, bila ruhusa ya mtu. Alisimama miguuni pa kitanda, hakukaa, akaona shuka limekunjamana chini ya mgongo, akamgeuza, akalinyoosha, akamrudisha, kazi ya dakika mbili, mikono yake bado inajua. Kaka alimwita mama, akaanza kumshukuru. Muuguzi akamwambia, "Usinishukuru. Nirudishie jina langu." Akaondoka. Hakusema amesamehe, na mimi sitasema kwa niaba yake.

Kaka yetu alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa nane na dakika kumi mchana, wifi akiwa upande mmoja na binti yake upande wa pili, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita na miezi saba kasoro siku tatu. Ameacha mjane, watoto wawili, wadogo zake wawili, na baba mdogo. Naomba sekunde chache ninywe maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa wale waliobonyeza kitufe kila walipoombwa bila kucheka. Tunawashukuru majirani waliopika, waliofagia, waliolala kwenye viti siku hizi mbili, na yule jirani wa ghorofa ya chini aliyezima redio yake bila kuambiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tunawashukuru walimu wenzake wifi. Tunamshukuru kwa namna ya pekee mwenzake wa dawati la pili, ambaye juzi jioni, bila kujali ajira yake, alikwenda mbele ya wakili akaapa kwamba aliiona saini ya kaka kwenye kumbukumbu ya onyo namba 4117 kwa macho yake. Amekaa hapo. Msimtazame vibaya, amefanya jambo lililomshinda kaka yangu kwa miaka miwili.

Muuguzi yupo. Amesimama karibu na lango, tulimpa kiti akakataa. Naomba wote mliomfahamu kwa jina lile baya mgeuke mumwone, halafu mkirudi mitaani mwenu mseme mlichosikia. Hakuua mtoto. Alifuata maelekezo, alibonyeza sawa, akasema kweli, na kaka yetu ndiye aliyemwita mwongo mbele ya kamati.

Nawashukuru pia wakubwa wa kampuni kwa shada la maua na kwa basi. Meneja, umekaa safu ya pili, na asubuhi hii ulinishika mkono mlangoni ukaniambia nikihitaji lolote nisisite kusema. Sisiti. Shauri la muuguzi limepangwa kwa mara ya mwisho keshokutwa Alhamisi tarehe 10, saa tatu asubuhi, na lisipopata ushahidi faili linafungwa kabisa. Fomu ya baraza ya kuthibitisha kumbukumbu ya onyo namba 4117 iko katika mkoba wangu, inataka saini moja na muhuri wa ofisi. Kaka atazikwa hata usipoiweka, kwa sababu maiti haingoji barua, na hakuna atakayekuzuia kutupa udongo wako. Mimi na muuguzi tutakuwa nje ya mlango wa baraza saa mbili na nusu, tukiwa na fomu hiyo au mikono mitupu.

Kaka, uliniomba nisiruke, sikuruka. Kuna neno ambalo sote hapa tunalingoja mwishoni, la kumwambia mtu apumzike. Leo limenikwama. Nitakuja kukuambia Alhamisi mchana, nikitoka huko.